Paa Halilishi Mnara

Siku hizi limezuka mjini jina ambalo hupokelewa kama sarafu, mkono kwa mkono, bila ya mtu kuligeuza aone upande wake wa pili. Jina hilo ni "jengo la kijani". Mwenye mali akijenga mnara wa vioo wa ghorofa ishirini au thelathini katika mji wa joto kama Dar es Salaam au Mombasa, kisha akatandika paneli za jua juu ya paa lake, basi jengo hilo huitwa la kijani, husifiwa magazetini, na wapangaji huambiwa kuwa wakikodi ofisi humo watakuwa wameshiriki katika kuiokoa dunia na joto. Hakuna aulizaye paneli zile hutoa umeme kiasi gani, wala jengo lile hula kiasi gani. Kukosekana kwa maswali hayo mawili ndiko kulikozaa makala haya.

Madai yetu ni mawili, na tutayatetea yote mawili. La kwanza ni kuwa umeme unaofuliwa juu ya jengo lenyewe kwa nguvu ya jua ni neema ambayo miji yetu ya Afrika Mashariki haina udhuru wa kuiacha. La pili ni kuwa neema hiyo haiwezi kuulisha mnara wa vioo, na kwamba asemaye yaweza ama hakufanya hesabu, ama amefanya akaificha. Kati ya madai haya hapana ugomvi. Mtu aweza kusifu maziwa ya mbuzi bila ya kudai kuwa mbuzi mmoja atanywesha kijiji.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa mabishano yasiyo na hesabu hayana mwisho. Jua la Dar es Salaam, kwa wastani wa mwaka, huiangushia kila mita moja ya mraba iliyo wazi nguvu ipatayo uniti 5 kwa siku. Na uniti ni ile ile tununuayo kwa ajili ya mita za majumbani mwetu. Paneli nzuri ya leo hugeuza kuwa umeme sehemu zipatazo 20 katika kila 100 za nguvu hiyo. Ukitoa hasara ya joto, vumbi, nyaya na mitambo, mita moja ya mraba ya paneli hubakia na uniti 0.8 hivi kwa siku.

Sasa tuchukue jengo la mfano lenye paa la mita 1,000 za mraba. Paa la jengo la ofisi si uwanja mtupu: pana matangi ya maji, chumba cha mitambo ya lifti, mashine za viyoyozi, na njia za mafundi. Tukisema nusu yake yafaa kwa paneli, tumekuwa wakarimu. Nusu hiyo itatoa uniti 400 kwa siku. Jengo lenyewe lina ghorofa 20, yaani mita 20,000 za sakafu. Ofisi iliyozibwa kwa vioo na kupozwa kwa viyoyozi mchana kutwa yaweza kula uniti 150 kwa kila mita ya sakafu kwa mwaka bila ya kushangaza mtu. Jumla ni uniti 3,000,000 kwa mwaka, au 8,200 hivi kwa siku. Linganisha: paa latoa 400, jengo lala 8,200. Paa limelisha sehemu 5 katika 100. Sehemu 95 zatoka kwingine. Hata ungeyang'oa matangi yote na kulifunika paa zima, usingefika sehemu 10.

Lichukue paa lile lile, lenye paneli zile zile, uliweke juu ya jengo la ghorofa mbili lililojengwa kwa kivuli na upepo, ambalo kwa sababu hiyo lala nusu tu ya kiasi kile, yaani uniti 75 kwa mita kwa mwaka. Sakafu yake ni mita 2,000. Mahitaji yake ni uniti 150,000 kwa mwaka, au 411 kwa siku. Paa latoa 400. Jengo limejilisha karibu lote. Jua halikuongezeka, wala paneli hazikubadilika; kilichobadilika ni jengo. Katika mifano hii miwili umo ubishi wetu wote, na msomaji mwenye haraka aweza kuishia hapa.

Huenda mtu akasema kuwa kama paa halitoshi, mnara una kuta, na kuta ni kubwa kuliko paa. Basi na zivishwe paneli. Wazo hili limekwisha jaribiwa. Katika mji wa Manchester, Uingereza, upo mnara wa ofisi uliokamilika mwaka 1962, ambao upande wake usio na madirisha ulivishwa paneli zaidi ya 7,000 mwaka 2005 badala ya vigae vilivyokuwa vikianguka. Lakini Manchester imekaa kaskazini sana, na jua lake hupita chini upande wa kusini, likiupiga ukuta usoni. Dar es Salaam imekaa digrii 7 hivi kusini ya mstari wa ikweta. Jua letu la mchana hupita karibu na utosi. Mwezi Juni huegemea kaskazini kidogo, mwezi Desemba kusini kidogo, lakini halishuki chini wakati wa adhuhuri. Ukuta wetu wa kaskazini na wa kusini huguswa tu na jua hilo kwa ubavu. Wa mashariki hupigwa asubuhi na wa magharibi jioni, nusu siku kila mmoja. Kwetu paa ndilo shamba la jua. Anayeiga vazi la Manchester huku ameazima nguo isiyomsitiri.

Wengine wamejaribu upepo. Katika Bahrain, mji wa Manama, ilikamilika mwaka 2008 minara miwili pacha ya biashara yenye urefu wa mita 240, na katikati yake yakatundikwa mapangaboi matatu makubwa, kila moja lenye upana wa mita 29 na nguvu ya kilowati 225. Huko upepo wa Ghuba hutoka baharini, na minara ilichongwa kwa sura ya matanga ili iukusanye. Kwa ufundi huo wote, matumaini ya wajenzi yalikuwa sehemu 11 hadi 15 katika 100 za umeme wa minara. Hiyo ndiyo iliyokuwa ndoto ya wajuzi, mahali palipochaguliwa kwa makusudi. Katika London, mnara wa makazi uliokamilika mwaka 2010 ulitobolewa kileleni matundu matatu ya mapangaboi, kwa tumaini la sehemu 8 katika 100. Mapangaboi hayo yamepata sifa zaidi kwa kusimama kuliko kwa kuzunguka. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Pambo lililowekwa juu ili lionekane kutoka barabarani ni pambo, hata likiwa na waya.

Basi kosa liko wapi? Haliko katika paneli. Liko katika kioo. Ukuta wa kioo ulizaliwa katika nchi za baridi, ambako jua ni mgeni atamaniwaye, nao ulikusudiwa kumkaribisha. Jua likishapenya kioo hupasha joto meza, sakafu na watu, na joto hilo halirudi nje kwa njia liliyoingilia. Katika Stockholm huo ni msaada. Katika Dar es Salaam ni kujifungia ndani ya tanuri, kisha kununua mashine ya kuliponyesha tanuri. Na mashine hiyo ina ulaji mkubwa. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2018 kuwa viyoyozi na mapangaboi ya kupoza hutumia yapata sehemu 10 katika 100 za umeme wote wa dunia. Sehemu kubwa ya umeme wa mnara wetu hutumika kufukuza jua ambalo msanifu mwenyewe alilifungulia mlango. Kisha msanifu huyo huyo hupanda juu ya paa kulikamata jua kwa paneli ili alifukuzie jua. Sijui kama yuko mfinyanzi ambaye angesifiwa kwa kutoboa mtungi na kuuzia kata ya kuzolea maji yaliyomwagika.

Jambo la kusikitisha ni kuwa maarifa ya kujenga kwa kivuli hayakutupungukia. Nyumba za mawe za Unguja, Lamu na Mombasa zilijengwa kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, zikasogezwa karibu ili njia nyembamba zitiliane kivuli, na vyumba vikawa vyembamba kwa kufuata urefu wa boriti za mikoko. Walipokuja wasanifu wa ujenzi wa kisasa katika miaka ya 1950 na 1960, wenye busara miongoni mwao hawakudharau somo hilo. Mwaka 1954 ilifunguliwa London idara ya kufundisha usanifu wa nchi za joto, na mwaka 1956 Maxwell Fry na Jane Drew wakatoa kitabu chao juu ya ujenzi wa nchi za joto na unyevu. Majengo ya zamani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, yana vikinga jua, mabaraza na njia zilizoezekwa. Soko la Kariakoo, lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilifunikwa kwa miavuli mikubwa ya zege yenye kutia kivuli, kupitisha hewa na kukusanya maji ya mvua. Soko hilo liliungua Julai 2021, lakini wazo lake halikuungua. Tulikuwa nalo, tukaliweka kando tulipoanza kuona haya kuwa na jengo lisilong'aa.

Sasa na tuwasikilize wapinzani, kwa kuwa hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza asema: haba na haba hujaza kibaba. Sehemu 5 katika 100 ni bora kuliko sifuri. Kwa nini kumkatisha tamaa mwenye jengo aliyeweka paneli? Twamjibu kuwa methali yake ni kweli kwa kibaba kizima; kibaba kinachovuja hakijai kwa haba. Nasi hatusemi ang'oe paneli. Twasema asiziuze sehemu 5 kwa bei ya 100. Madhara ya pambo si umeme wake mdogo. Madhara yake ni ruhusa linayoitoa. Mwenye mnara akishapewa jina la kijani, hana tena sababu ya kutia kivuli madirishani, na anayefuata kujenga huiga alichokiona, yaani kioo chini na paneli juu.

Ukitaka kuona kanuni yenye akili katika jambo hili, tazama mtaa wa Merton huko London, ambao mwaka 2003 ulikuwa wa kwanza Uingereza kudai kuwa majengo makubwa mapya yasiyo ya makazi yajifulie hapo hapo sehemu 10 katika 100 za nishati yake. Hekima ya kanuni hiyo imejificha. Kwa kuwa sehemu 10 hupimwa kwa mahitaji ya jengo, anayepunguza mahitaji hupunguza pia idadi ya paneli za kununua. Kivuli kikawa na bei. Lakini kanuni hiyo ina mpaka wake: sehemu 90 hubaki bila ya swali.

Mpinzani wa pili ni mjuzi zaidi, naye hutoka upande wa pili kabisa. Asema: mnahangaika na mapaa ya nini? Umeme wa jua unaofuliwa katika uwanja mkubwa hugharimu kidogo kwa kila uniti kuliko wa paa la mjini. Tena nyaya za taifa zaendelea kusafika. Kenya hupata sehemu kubwa sana ya umeme wake kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, kwa maji ya mto Tana, na kwa upepo wa Turkana wenye mapangaboi 365. Tanzania imejenga bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Uniti ya paneli ya Nairobi haiondoi hewa ya ukaa nyingi, kwa sababu uniti ya waya ilikuwa na kidogo tangu mwanzo.

Hoja hii ina nguvu, na wengi wa wasifiaji wa majengo ya kijani hawaijui. Twakubali nusu yake. Ni kweli kuwa paneli moja haiondoi kiasi kile kile cha hewa ya ukaa kila mahali, na anayenakili takwimu za nchi inayochoma makaa ya mawe na kuzibandika Nairobi anasema uongo. Lakini mpinzani wetu amesahau mambo matatu.

La kwanza ni wakati. Ofisi hula umeme mchana, saa zile zile jua linapotoa. Nyumba hula jioni, jua likiwa limezama. Uniti inayofuliwa juu ya paa saa sita mchana huliacha bwawani maji ambayo yangepita katika mitambo. Maji hayo hungoja. Jioni, miji inapowasha taa, maji yaliyongoja huchukua zamu ambayo ingechukuliwa na gesi asilia ya Songo Songo au ya Mtwara. Hivyo paneli ya mchana huzuia gesi ya usiku, ingawa zenyewe hazikutani. Bwawa na paa si washindani. Ni wapokezanaji wa zamu.

La pili ni mvua. Anayeweka tumaini lote katika maji akumbuke mwaka 2006, ukame ulipoyashusha mabwawa ya Tanzania na nchi ikaingia katika mgao mkali wa umeme. Akumbuke na mwaka 2011 mgao uliporudi. Mawingu yakikosa kunyesha, jua huwaka.

La tatu ndilo kubwa, na ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Husemwa kana kwamba kufua umeme ndani ya jengo ni jambo geni tunaloletewa sasa. Si geni. Majengo ya ofisi ya miji yetu yamekuwa yakijifulia umeme kwa miaka mingi, kwa jenereta. Nenda nyuma ya jengo, penye geti la magari, utaliona limefungiwa katika kibanda chake, likitoa moshi siku ya mgao. Lita moja ya dizeli hutoa uniti 3 au zaidi kidogo, na huacha hewani kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa. Yaani kilo 0.8 hadi 0.9 kwa kila uniti, mbali na masizi yanayovutwa na mlinzi na muuza chai wa pembeni. Hakuna umeme mchafu kuliko huo mjini. Basi ubishi haukuwa kamwe kati ya kufua jengoni na kutokufua. Ni kati ya dizeli na jua. Na hapa hata zile uniti 400 za paa zina kazi ya heshima: pamoja na betri za kiasi, jengo dogo lenye kivuli laweza kuvuka saa za mgao bila ya kuwasha jenereta, mnara wa vioo hauwezi, kwa kuwa viyoyozi vyake vingezimaliza betri kabla ya chai ya saa nne.

Mpinzani wa tatu asema: ardhi ya mjini ni ghali, hatuwezi kujenga vibanda vya ghorofa mbili katikati ya jiji. Ni kweli, wala hatukumtaka. Jengo la ghorofa mbili lilikuwa mfano wa hesabu. Lakini kati ya ghorofa mbili na thelathini pana nafasi kubwa, na Mji Mkongwe wa Unguja wathibitisha kuwa watu wengi waweza kukaa pamoja bila ya minara. Katika Seattle, Marekani, mji maarufu kwa mawingu na mvua, lilifunguliwa mwaka 2013 jengo la ofisi la ghorofa sita liitwalo Bullitt Center. Paneli zake 575 zimetanuka kupita kuta, kama ukingo wa kofia pana, na katika miaka yake ya mwanzo zilifua umeme zaidi ya ulioliwa na jengo. Siri yake haikuwa paneli. Kwanza waliamua jengo lile sehemu ndogo tu ya kile zilacho ofisi za kawaida za mji ule. Baada ya hapo ndipo walipohesabu paneli. Kama ghorofa sita zimewezekana chini ya mawingu ya Seattle, atuambie mtu ni udhuru gani tulio nao chini ya jua la Pwani.

Karibu na kwetu, huko Gigiri, Nairobi, Umoja wa Mataifa ulifungua mwaka 2011 majengo ya ofisi kwa watumishi wapatao 1,200, yenye paneli za mita 6,000 za mraba na uwezo wa kilowati 515 wakati wa ufunguzi. Hapana viyoyozi vya kawaida katika ofisi zile. Hewa huingia kwa madirisha na kupanda katika kumbi za katikati. Tukiutaja mfano huu, tuutaje kwa haki: Nairobi ni mji wa mwinuko na ubaridi, na Gigiri ina bustani pana. Kadhalika jengo la Eastgate la Harare, lililochorwa na Mick Pearce na kukamilika mwaka 1996, hujipoza kwa kupitisha hewa ya usiku katika zege lake zito, nalo zege huutoa ubaridi huo mchana. Ufundi huo hutaka usiku wa baridi. Usiku wa Dar es Salaam ni wa fukuto na unyevu, na mwenye kuuhamisha ufundi wa Harare kuuleta Pwani bila ya kupima atajikuta na zege la moto. Kila mji na dawa yake. Pwani dawa ni kivuli, upepo wa bahari, pangaboi la darini, na kiyoyozi katika vyumba vichache visivyoweza kukikosa.

Lakini Dodoma je? Hapa ndipo maneno yetu yanapoacha kuwa ya vitabuni. Dodoma iko juu ya mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Ni kavu, jua lake ni kali na la kudumu, na usiku wake hupoa. Ndiko serikali ya Tanzania ilikohamia kufuatia tangazo la mwaka 2016, na katika Mji wa Serikali, Mtumba, ofisi za kwanza za wizara zilizinduliwa mwaka 2019, kisha yakafuata majengo makubwa zaidi ya ghorofa. Ardhi haikukosekana. Hapana mji katika nchi zetu ambao hali yake ya hewa yafaa zaidi kwa somo la Harare na somo la paa kwa pamoja. Jengo la ofisi huishi miaka hamsini au mia. Chochote kinachosimamishwa huko sasa, wajukuu watakilipia umeme. Kosa la sahani huoshwa, kosa la zege hurithiwa.

Na kwa nini basi watu wenye akili huendelea kujenga vioo? Tusidhani ni ujinga. Ni hesabu nyingine, ya mfukoni. Anayejenga siye anayelipa umeme. Mwenye jengo hulipa saruji na vioo mara moja, naye hutaka vipungue bei na jengo livutie macho. Mpangaji ndiye anunuaye uniti mwezi baada ya mwezi, naye hakuwapo jengo lilipochorwa. Kivuli ni gharama kwa wa kwanza na faida kwa wa pili. Maadamu watu hawa wawili hawakutani, hakuna mahubiri ya utunzaji wa hewa yatakayowapatanisha. Kinachoweza kuwapatanisha ni sheria.

Sheria hiyo isihesabu paneli, bali ihesabu ulaji. New York ilipitisha mwaka 2019 sheria ya mji, namba 97, inayoyawekea majengo makubwa, yapitayo mita 2,300 hivi za mraba, kikomo cha hewa ya ukaa kwa kila mwaka kuanzia 2024, na faini ya dola 268 kwa kila tani inayozidi. Haimwambii mwenye jengo atumie njia gani. Akitaka atie kivuli, akitaka abadilishe mitambo, akitaka aweke paneli. Kinachopimwa ni jengo zima, wala si kofia yake. Hatusemi tuinakili, takwimu za New York ni za baridi na mvuke wa kupashia vyumba joto. Twasema tuchukue mzizi wake. Halmashauri ya mji kabla ya kutoa kibali imtake mwenye jengo aandike: jengo hili litakula uniti ngapi kwa kila mita ya sakafu kwa mwaka, na paa lake litatoa ngapi. Na jengo likishakaliwa, mita isomwe, na hesabu zote mbili, ya ahadi na ya kweli, zibandikwe mlangoni mahali ambapo mpangaji huzisoma kabla ya kutia saini. Majengo ya serikali yatangulie, kwa kuwa huko mjenzi na mlipaji ni mmoja, yaani mwananchi.

Kwa wanafunzi na walimu wa lugha tuna neno moja la mwisho, kwani jambo hili limeanza kwa neno. Kijani ni rangi ya jani, na jani hustahili rangi yake kwa kazi: hula jua, hutia kivuli, halitumii zaidi ya linachokipata. Anayeliita jengo kuwa ni la kijani ameliita jani, na ana wajibu wa kuonyesha kazi ya jani. Wenye lugha wakikubali neno litumike kupamba, wasilalamike litakapokosa maana siku ya kulihitaji. Kwa hiyo mkisoma tangazo la jengo la kijani, msitazame paa. Ulizeni mita. Jengo lenye kujibu kwa uniti litasifiwa kwa haki, hata likiwa fupi na lisilong'aa. Na lenye kujibu kwa picha, liachieni vioo vyake lijitazame.